Nusu Bei, Saa Moja na Nusu

Mshahara wangu huingia tarehe ishirini na tano.
Ikifika ishirini, bahasha ya chakula
imebaki na noti moja na sarafu za kuhesabika kwa jicho.
Basi nakula kwa saa, si kwa njaa:
saa kumi na moja jioni, punguzo la asilimia kumi,
saa kumi na mbili na nusu, thelathini,
na saa moja na nusu anatoka Kurahashi
na gombo lake la vibandiko vyekundu. Nusu bei.

Nani kakwambia Amagasaki hatuna heshima?
Tunamngoja tukijifanya hatumngoji.
Mwalimu mstaafu anasoma paketi ya chumvi
kana kwamba ina sura ya pili.
Bibi Tokie anapapasa kabichi ileile, mara ya nne.
Mimi nimesimama mbele ya tofu, nimekunja uso
kama mtu mwenye hiari.
Kibandiko kikilia tap! juu ya plastiki, shingo zote hugeuka
polepole, kwa adabu;
miguu tu ndiyo inayokimbia.

Nimejifunza mengi ambayo shule haifundishi.
Machipukizi ya maharagwe, yeni thelathini, ukiyatia yai yanashibisha.
Majani ya figili muuzaji huyakata ayatupe: omba.
Makapi ya soya mtengeneza tofu hukupa bure
ukifika kabla hajafunga, nawe ukamuuliza habari za goti lake.
Maji ya kuoga yanafua nguo, ya kufulia yanasugua kibaraza.
Sabuni ikikaribia kwisha, isimamishe chupa kichwa chini usiku kucha,
asubuhi utakuta siku tatu humo ndani.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila hawakusema kibaba humwagwa na nani
bili ya gesi ikibisha hodi.

Jana Shunpei alitimiza miaka tisa.
Hakuomba baiskeli. Aliomba sushi ya mayai ya samaki,
yale mekundu yanayopasuka mdomoni,
akaongeza haraka, "Kama yapo."
Kama yapo!
Mtoto wa miaka tisa ameshajua kuniachia mlango wa kutokea.

Yalikuwepo. Boksi moja, vipande vinane, yeni mia tisa na themanini.
Saa kumi na moja na dakika arobaini nikafanya nisilowahi kufanya:
nikalisukuma nyuma kabisa, chini ya maboksi ya maboga yasiyopendwa,
nikaondoka na moyo wa mwizi
ambaye hajaiba.

Karibu saa mbili nilitembea kando ya reli. Baridi ilinikata masikio.
Niliporudi, gombo la Kurahashi lilikuwa limekwisha,
rafu zimebaki na tangawizi na mwanga wa taa.
Nikapenyeza mkono chini ya maboga.
Boksi lilikuwa palepale,
na juu yake kibandiko chekundu, kimenyooka, sawasawa,
kimebandikwa na mkono usio na haraka,
kisha likarudishwa gizani kwake.
Nikamtazama. Alikuwa akifagia, akifagia sana,
mahali palipokuwa safi.

Nyumbani nilikibandua mlangoni, mtoto asione.
Akala vipande sita, viwili akanisukumia kwa kidole.
Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye kiwiko changu:
kibandiko kilikuwa kimenasa pale, kimenifuata hadi mezani.
Akakisoma kwa sauti. Akakibandika kwenye paji la uso wake.
"Mama, nimeshuka bei. Ninunue upesi."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Alilala nacho. Asubuhi, kabla ya shule,
nilikisugua kwa maji ya moto, kwa mafuta, mwisho kwa ukucha;
gundi ya duka lile haina punguzo.
Ameenda na alama nyekundu juu ya nyusi.
Kwenye daftari nimeandika: sushi, 490.
Bahasha, sarafu nne.
Siku, tatu.