Daftari la Mizani

Nyuma ya daftari la malori, kwenye kurasa ambazo mkaguzi hafiki,
nimeorodhesha vitabu vya mwaka huu.
Kumi na saba. Na nusu.
Hiyo nusu nitaieleza.

Kazi yangu ni kupima. Lori linapanda bamba la chuma,
namba zinatetemeka, zinatulia, nasoma, nagonga muhuri.
Usiku, kati ya lori na lori, hapa nje kidogo ya Mbale,
nasoma wanavyoniletea madereva,
vitabu vya Voi, vya Singida, vinavyonuka dizeli.
Kimoja kina duara la kikombe cha chai juu ya jina la mtunzi.
Hata leo sijui nimshukuru nani.

Januari nilianza na kile kinene.
Mwalimu Wandega alikisifu mpaka mate yakamtoka.
Kurasa mia sita. Nilipofika ya mia mbili
bwana yule bado anaamka, bado anatafuta kandambili.
Nikakimaliza kwa ukaidi, kama anayemaliza mboga iliyozidi chumvi
kwa kuwa ameshanawa mikono.

Machi, mashairi.
Vina vimenyooka, mizani nane kwa nane, hata moja haikupungua.
Mizani naijua mimi. Nikapima.
Lori tupu, turubai limefungwa vizuri sana.

Lakini kile cha nyuki!
Kijitabu cha idara, hakina hata jalada:
namna ya kutundika mzinga, namna ya kupuliza moshi.
Aliyekiandika aliwaogopa nyuki, wala hakuficha.
Ukurasa wa tisa anasema, "Ukitetemeka, subiri. Wao hawana haraka."
Niliyabeba maneno hayo mpaka wodini,
Juni, pumzi za mama zilipoanza kuja kwa zamu.

Julai nimeandika "Julai", nikapiga mstari.

Agosti nililizwa na hadithi ya watoto,
kurasa ishirini na nne, mbuzi aliyegoma kuvuka daraja.
Usiniulize. Mwishoni alivuka.
Labda ndiyo sababu.

Sasa ile nusu.
Mwachofi, dereva wa chumvi, aliniletea kitabu kisicho na mwisho;
kurasa za nyuma mkewe alizifungia karanga.
Mwanamke amefunga duka, amesimama na ufunguo mkononi,
ng'ambo ya barabara yupo mume aliyepotea miaka kumi na mmoja,
na karatasi imechanika hapo, katikati ya neno:
*aka*
Aka nini? Akaita? Akakimbia? Akageuka?

Mwachofi akasema mwisho anaukumbuka.
Akaegemea dirisha langu, injini ikinguruma:
mwanamke akavuka, akamtia mume ufunguo kiganjani,
"Fungua wewe. Mimi nimechoka kufungua,"
akashika njia ya stendi, hata mkoba hana.
Malori manne yalikuwa yakipiga honi. Sikuyasikia.

Novemba nikakipata kizima kwa Nambozo wa mitumba,
karibu na mnara wa saa, shilingi elfu tatu.
Nikakifungua papo hapo, wima.
*Akalia. Akamkumbatia.* Wakasameheana.
Majirani wakapiga makofi.

Nilimngoja Mwachofi wiki mbili nimuulize.
Akacheka, akakuna kidevu.
"Kwani mimi nilikisoma? Nilikutazama usoni,
nikaona huwezi kurudi nyumbani na *aka*."

Basi kitabu kilichonikaa zaidi mwaka huu hakipo dukani.
Nimekiandika nusu, maana safu ya uzito inadai namba,
na mtunzi wake usiku huo alikuwa amezidisha tani mbili,
nikamwandikia faini kama mtu yeyote.
Alilipa. Akaikunja risiti,
akaichomeka katika kitabu kingine, akanipitishia dirishani.
"Hiki nacho," akasema, "sijakisoma."