Hilja-Maret

Baba alipanga herufi za risasi miaka thelathini na minane
katika kiwanda cha chapa, Tartu,
na kila alfajiri, kabla ya kuvaa aproni,
alisoma kipimajoto cha dirisha la jikoni
akaandika: tarehe, nyuzi, neno moja au mawili.
Daftari kumi na tisa. Alama za vidole vyake
zimebaki nyeusi kwenye pembe za kurasa.

Nimeanza kuziingiza kwenye kompyuta.
Nilidhani kazi ni kuchapa tu.

Katika sanduku lake la herufi, alinionyesha nikiwa na miaka saba,
kistari kina chumba chake, alama ya kutoa ina chake.
"Huyu mfupi anashona maneno. Huyu mrefu ananyang'anya.
Ukiwalaza kitanda kimoja, Vaike, usiniite kuwaamua."
Ikaja taipureta, ikawalaza kitanda kimoja:
kitufe kimoja, kazi mbili, ubahili mtupu.
Kompyuta zikaurithi ubahili huo
zikampa huyo mwenye nyuso mbili namba arobaini na tano.

Nami nikabonya arobaini na tano, majira ya baridi baada ya majira.

Kistari huruhusu mstari kukatika; ndiyo desturi yake.
Ukurasa ulipojipanga, kikabaki ukingoni peke yake
kama uzi uliochomoka sindanoni,
na chini, mstari mpya:
*31. Mama amelazwa. Barabara haipitiki.*

Nyuzi thelathini na moja, Januari!
Msomaji atadhani tulikuwa tunachuma stroberi
usiku ule gari la wagonjwa lilipokwama kwenye theluji
na Baba akavua koti, akaifunika injini.

Alama ya kweli ipo. Ina namba yake, 8722,
au kwa wahesabuo kwa kumi na sita, mbili mbili moja mbili.
Urefu wake ni ule wa mkono wa alama ya kujumlisha,
hukaa kimo cha tarakimu, wala haishuki
kutafuta herufi ndogo za kuegemea.
Husafiri kwa baiti tatu. Ikipokewa na mashine
inayosoma kwa kanuni za zamani, hufika imechanika:
*a* iliyovaa kofia,
kofia isiyo na kichwa,
koma inayoning'inia hewani.
Hivyo ndivyo ilivyomfikia binamu yangu, Põlva.
Akauliza kama Baba alikuwa anajifunza Kifaransa.

*Badilisha zote?* programu ikaniuliza.
Kidole kilikwisha shuka nusu
nilipokumbuka jina la Mama.

Hilja-Maret ameoka mkate.
Hilja-Maret anakohoa.
Ningebonya, angesomeka Hilja kutoa Maret,
na kinachobaki hapo, nani angenijibu?

Basi, moja moja. Chai ikipoa.
Hiki kinashona, kiache. Hiki kinanyang'anya, kibadilishe.
Halafu jedwali la hesabu likagoma kutafuta wastani:
hii si namba, likasema, ni maandishi.
Alama halali ya kutoa haiwezi kutoa chochote,
ile ya kuazima ndiyo iliyozoea kazi!
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Sasa nina faili mbili, moja ya kusoma, moja ya kukokotoa,
na Baba angezidharau zote.

Imebaki siku moja.
Tarehe tatu Machi, kesho yake ya mazishi,
hakuandika nyuzi, hakuandika neno.
Ameweka mstari mdogo tu, wa penseli,
si mfupi wa kutosha, si mrefu wa kutosha.
Nimeupima kwa rula. Nimeuangalia kwa lenzi yake mwenyewe.

Kielekezi kinapepesa hapo tangu Jumanne.
Sijabonya kitu.