Bawaba Mbili

Miaka mitatu nimecheza upatu
na walimu wenzangu wa Kongwa,
na zamu yangu ilipofika sikununua kochi.
Nilifungua daftari, nikaandika juu:
KIGOMBE, DESEMBA, SIKU SITA.
Chini yake: nauli ya watu wanne. Mchele. Dawa ya mbu.
Miwani ya jua, kwa mara ya kwanza maishani.
Kisha malipo ya kutangulia kwa Bi Saumu Mbwana,
mwenye vyumba vitano na baraza inayotazama maji.

Mlewa, wa miaka sita, mtoto wa vumbi,
kila jioni akawa anaogelea kwenye beseni la nguo,
mguu mmoja ndani, mwingine nje,
akiuliza kama bahari nayo huchoka,
na ikichoka inakaa wapi.

Halafu kimbunga.
Tulikisikia redioni tukimenya karanga.
Mtangazaji alitaja Tanga, akataja Pangani,
akataja kasi ya upepo kwa namba
nisiyoweza kuilinganisha na kitu,
hata na ule wa Agosti ulioezua choo cha shule.
Elisante akapunguza sauti watoto wasisikie.
Kigombe hakuitaja.
Usiku ule nilijifunza kwamba kutotajwa si kupona.

Wiki mbili simu haikupatikana.
Ya tatu ikaita.
Nilikuwa nimejipanga: kwanza pole, pili pole tena,
tatu, kwa sauti ya chini, ile hela.
Pole zilitoka vizuri. Hela ikanikwama,
ikatoka nusunusu, kama mtoto anayekiri kuiba sukari.

Bi Saumu akacheka.
"Mwalimu, hela yako imeshakuwa bati.
Bati sita, geji thelathini, za buluu,
ziko juu ya chumba namba tatu zinapigwa jua.
Nizing'oe nizikunje nikutumie kwa basi,
ama uje ulale chini yake?"

Nikauliza kama ufukwe upo.
"Upo, ila umehama. Umesogea kwa jirani,
sisi umetuachia mawe na kiatu kimoja
cha mtu tusiyemjua.
Minazi kumi na saba imelala, watoto wanaikalia kama mabenchi.
Kisima kimeingia chumvi, maji tunachota shuleni.
Umeme wanasema wiki ijayo;
wiki ijayo imeshapita mara mbili.
Samaki wapo. Samaki hawakuezuliwa."

Nikasema, tutaonekanaje, Bi Saumu,
watu wa bara kuja kuchezea maji
mlangoni mwa waliolala nje?
Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia nyundo,
mtu anagonga, anakosa, anagonga.
"Waliokuja na magari na kamera wameshakuja.
Walitupa pole, wakatupa na mablanketi, Mungu awalipe,
wakaondoka kabla ya chakula cha mchana.
Mimi nataka mtu wa kunilalamikia chai haina sukari.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wazee hawakusema mwenyeji apone kwanza."

Elisante aliposikia akauliza,
"Sasa hii ni likizo au kibarua?"
Sikumjibu. Kesho yake nilimkuta uani
akinoa msumeno wa marehemu baba yake.

Daftari limejaa mikato.
Miwani ya jua nimeifuta.
Misumari ya bati, kilo tatu, nimeongeza.
Mchele umepanda mara mbili.
Boya la Mlewa limebaki, nimelizungushia duara
asije mtu akalikata, hata mimi.

Jana usiku ujumbe ukaingia:
Mwalimu, mlango wa chumba chenu haufungi.
Beba bawaba mbili.

Leo nimekwenda kwa muuza vyuma, Kibaigwa,
nikaomba bawaba zisizoshika kutu.
Akaangalia barabara, vumbi limesimama kama mtu,
akaniangalia mimi.
"Mwalimu, huku kutu itatokea wapi?"
Nikamwonyesha kidole rafu ya juu.
Zile pale. Za shaba.