Mstari wa Mize

Ofisi yetu iko Wete, juu ya duka la rangi.
Ngazi ya nne imevunjika, ikanyage pembeni.
Humo tunatunza majina,
ya zahanati, ya skuli, ya tiketi za boti,
ya ushirika wa akina mama wa mwani.
Nyuma ya kila jina pana namba ndefu
asiyeijua mtu kwa moyo.
Watu huita jina; sisi ndio tusemao: pita huku.

Zamani kazi hii ilikuwa ya Shaame Kombo.
Alikuwa akibonyeza. Hakuandika.
Usiku huamka, akahamisha jina, seva hii kwenda ile;
asubuhi ukimuuliza, "Kwani halifunguki?"
Linafunguka.
"Basi."
Yote kayafunga kichwani
kama senti kwenye pindo la kanga.
Akapata kazi Maskati, akaondoka na pindo lake.

Siku tatu kabla ya Idi, tiketi zikapotea.
Watu wako bandarini Malindi na maboksi yao,
simu mkononi, na jina halifunguki.
Nani kagusa? Hakuna aliyegusa.
Seva ya zamani imezimwa,
na jina bado linawapeleka wageni
kwenye nyumba iliyobomolewa, likisema karibuni.

Nikasema: kuanzia leo hakuna kubonyeza.
Tunaandika.

Faili moja, kila jina na mstari wake,
kama daftari la sheha: fulani, anakaa wapi.
Na muda wa kukumbukwa, sekunde mia tatu,
kisha uulize upya, maana watu huhama.
Ukitaka kubadilisha, badilisha maandishi.
Raya ayasome. Halafu mashine ipime
kilichoandikwa na kilichopo.

Wiki mbili nikiyakusanya
kama shanga zilizokatika uzi chini ya kitanda.
Jumanne, baada ya alasiri, mvua juu ya bati,
nikaiambia: nionyeshe kwanza, usifanye.

Ya kuongeza: moja.
Ya kubadilisha: mbili.
Ya kufuta: moja.

Kufuta? Sikufuta kitu mimi.
Nikateremka hadi mstari mwekundu:
mize, nukta, kisha jina la ofisi yetu.
Daftarini halimo. Duniani limo.
Nikalifungua.

Ukurasa mweupe. Picha ya bibi na ungo,
jicho moja kalifumba kwa jua, anacheka.
Chini yake:
*Mize Faki wa Kojani, mama yangu.
Anayemdai, na anione mimi.*
Na namba ya simu.

Shaame, asiyeandika kitu.

Mashine ilikuwa ikisubiri neno moja, ndiyo,
herufi kwa herufi. Haitaki haya, haitaki sawa.
Bi harusi akinyamaza huwa karidhia;
hii haijui ridhaa ya kimya.
Nikaandika: hapana.

Nikamtumia ujumbe Maskati. Ulilisahau?
Jibu likaja baada ya isha:
"Sikulisahau. Alikuja mmoja, elfu mbili za samaki,
nikamlipa. Huenda yuko mwengine."

Nikaongeza mstari. Juu yake alama ya reli,
ile ambayo mashine ikiiona huruka,
huyaacha maneno yaliyofuata kwa watu:
# Wa Shaame. Deni halijesha. Usifute.

Raya akasoma. Kidole kikasimama kwenye "halijesha",
akataka kusahihisha, akaacha.
"Ndivyo tusemavyo," kasema.

Nikaendesha tena.
Ya kuongeza, moja. Ya kubadilisha, mbili.
Ya kufuta, hakuna.
Ndiyo.

Muuza rangi alikuwa akishusha mlango wake niliposhuka.
Ngazi ya nne nikaikanyaga pembeni, gizani, bila kutazama.
Hiyo sijaiandika popote.