Nauli ya Kumpinga Baba

Kwetu kura haitiwi kwenye bahasha,
haipigwi ubalozini, haipewi mjumbe.
Ukitaka kuhesabiwa, uwepo,
kwenye kata uliyoandikishwa, kwa miguu yako miwili.
Asiyekuwepo na lake halipo:
sisi tumeifanya sheria.

"Nani kafariki?" aliuliza Kirihara
nilipomwomba amwagilie miche yangu ya maabara.
Hakuna. Nakwenda Taiwan kugonga muhuri mmoja.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
jirani kavuka mlima kwenda kuzima taa.

Sapporo, theluji ilianguka
kwa bidii ya kibarua anayelipwa kwa saa.
Ndege ikachelewa saa nne. Kisha saba.
Kwenye sakafu ya uwanja tulijikuta kumi na kitu,
tuliotambuana kwa lafudhi na kwa kutazama saa:
mpishi wa tambi kutoka Otaru,
mapacha wa chuo cha muziki na tromboni yao,
mama mwenye mtoto aliyelala ndani ya koti.
Hatukuulizana unamchagua nani.
Tuliulizana, utafika?

Sasa niseme nililokuwa nalizungukia
kwa theluji yote hii:
nusu ya nauli alinitumia Baba.
Baba, anayejua nitagonga wapi.
Baba, ambaye mwaka ule tulibishana mezani
mpaka supu ya samaki ikafanya utando
na Mama akaondoa mabakuli bila kuuliza nani kashiba.
Yeye ana chama chake tangu ujana, mimi nina changu.
Kura yake na yangu, ukizipambanisha, ni sufuri.
Aliinunua sufuri hiyo kwa pesa ya mpunga.

Treni ya kwanza ya Jumamosi ilijaa hadi mlango wa choo,
na hapo ndipo niliposimama, Taipei mpaka Hualien,
nikishikiliwa na mabega ya watu.
Mwanajeshi kijana wa likizo alinigawia wali wake,
tukala kwa zamu, jozi moja ya vijiti.
Bahari ilikuwa kushoto. Sikuiona.

Chishang, saa nane na dakika hamsini.
Vituo hufungwa saa kumi.
Baba alikuwa juu ya skuta, injini inanguruma,
mkononi kofia yangu ya sekondari, ile yenye chura.
Hakusema karibu. Alisema:
"Kitambulisho? Muhuri wa jina?"
Muhuri ulibaki Sapporo, kwenye droo ya soksi.
"Gumba linatosha. Panda."

Akaendesha kati ya mashamba kama anayekimbiza mgonjwa,
yeye ambaye angeweza tu
kupita njia ndefu.

Darasa lilelile nililojifunzia kuzidisha.
Mezani, daftari la majina: pangu patupu,
na juu yangu pake, patupu pia.
Tangu asubuhi hakuwa amepiga.
"Foleni ilikuwa ndefu," alisema.
Karani akainua macho, akayarudisha daftarini.

Nilikaa sekunde sita kwenye kibanda cha karatasi ngumu.
Yeye alikaa zaidi.

Saa kumi wakafungua sanduku palepale, watu wakitazama.
Karatasi inainuliwa, jina linasomwa,
mkato unachorwa ukutani;
mikato mitano inafanya herufi moja,
na herufi hiyo maana yake ni nyofu.
Tulisimama dirishani, bega kwa bega.
Mikato yetu ilikuwa pale, mmoja huku, mmoja kule,
wa saba au wa mia mbili na tatu,
na hakuna aliyeweza kuionyesha kwa kidole,
hata mimi, mwenye gumba bado jekundu.

Usiku tulikula. Televisheni ilisema yake.
Mmoja wetu alinyamaza, mwingine akaumeza tabasamu.
Kisha Baba, akinimiminia supu ingali ya moto:
"Miaka minne ijayo," alisema,
"nunua tikiti mapema.
Wakati wa theluji wanapandisha bei."