Inchi Tatu

Daktari wa mifupa alinishika kiwiko, akakikunja, akakikunjua,
kama mtu anayepima mlango uliokwama,
kisha akauliza, "Unafanya kazi gani, mzee?"
Nikamwambia nimestaafu. Nilikuwa karani, bandarini.
"Na ganzi hii ya vidole imetoka wapi?"
Sikumwambia.

Ilitoka kwako, Honda ya mwaka themanini na moja,
na usukani wako mfupi, wa chini, wa kiburi.
Nilikununua Matrah nikiwa na kiuno cha nyigu.
Nililala juu ya tangi mpaka kidevu kikanusa petroli,
nikiamini kuinama huko ndiko mwendo.
Sasa nikifika Qurum tu, vidole viwili vya mwisho
si vyangu. Navikung'uta
kama mtu aliyenawa akakosa taulo.

Zuweina alisema, "Iuze."
Akasema tena kwa Kiarabu.
Kwa Kiswahili mke wangu hutania; kwa Kiarabu huamua.

Nikaenda Wadi Kabir, saa moja asubuhi,
jua tayari linamdai kila mtu.
Biju, fundi wa Malabar, alikuwa na usukani mpya ukutani,
mpana, umenyanyuka inchi tatu,
umetanuka kama pembe za ng'ombe.
Hatuna lugha moja kamili, mimi na yeye:
Kiarabu chake cha gereji, Kihindi changu cha sinema,
na vyote vikiisha, spana.

Boliti tatu zilifunguka. Ya nne ikagoma.
Akaipaka mafuta, akaiacha, akanywa chai ya maziwa,
akarudi akaigonga kidogo, kwa adabu,
ikatoa mlio mmoja wa kutu, ikakubali.
Mpira wa mkono haukutaka kuvuka; nikaukata kwa wembe.
Chini yake chuma kiling'aa
kama hakijawahi kuona mtu.
Miaka yote hiyo nilishika mpira.

Usukani mpya ukakaa. Biju akawasha injini,
akauzungusha kulia: salama.
Akauzungusha kushoto: kebo ya mafuta ikakaza kama uzi wa gambusi
na injini ikapiga kelele, hakuna aliyeigusa.
"Fupi," akasema Biju.
Kwa Kiswahili! Neno hilo sijui kalitoa wapi.
Labda kwangu. Labda nimelisema siku nzima bila kujisikia.

Kebo ndefu ilikuja kutoka Dubai, ndani ya boksi la viatu,
baada ya siku kumi na mbili.
Siku kumi na mbili umekaa uani, umefunikwa shuka, huna mikono,
na Zuweina akipita na beseni la nguo anakuamkia:
"Shikamoo, kigutu."
Nikajua nimesamehewa.

Jumamosi nikapanda mlima wa Amerat.
Mgongo wima, viwiko vimelegea.
Upepo niliokuwa nikiukwepa sasa unanipiga kifuani,
unaingia shingoni, unavimbisha shati; nisiseme uongo,
mwendo umepungua.
Lori la maji likanipita, dereva akaona ndevu zangu, akapiga honi.

Mlima huu nimeupita mara ngapi? Elfu?
Najua lami yake, najua kila kiraka.
Sikujua kwamba kona ya tatu, juu, ndani ya ufa wa jiwe,
kuna mkunazi umeota, mmoja, umepinda,
na chini yake mbuzi wawili
wananitazama kama mgeni.

Juu nikasimama, nikazima, nikahesabu vidole.
Cha mwisho cha kushoto kilikuwa kinauma.
Kinauma! Si ganzi, maumivu yenyewe, yangu.
Nikakibusu, barabarani, mzee mzima.

Simu ikalia. "Uko wapi?"
"Juu."
"Juu wapi?"
Nikatazama nyumba zote zile nyeupe kule bondeni,
matangi ya maji juu ya mapaa, nguo zilizoanikwa,
nikatafuta nimjibu kwa lugha ipi.