Kamba ya Mikoroshini

Timu ziliposhuka Dar, jezi zao zilishuka kwangu,
ua wa nyuma, Temeke Mikoroshini,
mafurushi ya shuka za gesti
yaliyofungwa fundo, yananuka kwapa na nyasi.

Mashine ya hoteli ilikuwa imeungua.
Nduwayo, mtunza vifaa wa Burundi, akasema,
"Mama, tafazali, kesho saa kumi tunacheza."
Nikamjibu: bombani hakuna kitu tangu Jumatatu,
ila madumu yapo, na mikono ipo.

Kamba ni moja tu,
kutoka mlimau hadi dirisha la Mkamiti.
Uganda wakaning'inia ubavuni mwa Kenya,
Zanzibar wakawadondoshea Sudan maji,
Rwanda na Burundi wakagawana kibanio
kwa kuwa vibanio havikutosha,
na mvua ya vuli ilipochungulia
tukawaanua wote kwa mpigo, bila kutazama rangi,
tukawarundika kitandani kwangu.

Mechi nilizisoma kwenye madoa.
Kipa wa Djibuti: kifua kizima tope.
"Matano," nikasema, "au sita."
Mkamiti akafungua redio.
Sita.

Namba kumi na moja wa Burundi alichanika bega.
Uzi mwekundu ulikuwa umeniishia.
Nikatia wa kijani, uliobaki
nilipopinda sketi ya shule ya binti yangu.
Mishono kumi na tisa. Nikaukata kwa jino.

Nusu fainali, wakapangwa na sisi.
Kibanda umiza cha Shomvi, kiingilio mia tano,
nimevaa ya bluu, ya taifa, nimeshangilia
hadi koo likawa bawaba yenye kutu.
Dakika ya themanini na nane akaruka mtu
katikati ya mabeki wetu.
Mmoja akamkamata bega, akavuta,
akavuta kama mwizi wa nguo kambani.

Haikuchanika.
Mpira ukaingia.

Banda zima kimya. Feni tu ndiyo ilisikika.
Na mimi, Mungu anisamehe, neno likanitoka:
"Umeshika!"
Vichwa vyote vikageuka.
"Mguu," nikasema. "Mguu umeshika ganzi."

Asubuhi furushi la Nduwayo lilirudi,
kumi na moja juu kabisa.
Nikaenda dukani, nikanunua uzi mwekundu.
Mpaka leo uko kwenye kopo,
haujafunguliwa.